Aliyetoka Recife Kuja Kurekodi Miguu ya Mama

Wakuu, mtu anatoka jijini Recife na gari limejaa mashine za kurekodia, anafika kwenu anasema sauti ya mama yako haitaki, anataka miguu tu. Wewe utamwelewaje?

Mimi nilimwona mwizi. Palepale.

Jina lake Otacílio, ndevu zimechongwa, miwani ya njano. Alikuwa anatengeneza albamu: coco yetu ya hapa Arcoverde ichanganywe na vinanda vya umeme vya vijana wa mjini.

Coco ni ngoma ya miguu. Unavaa viatu vya mbao, unapanda kwenye jukwaa la mbao, unakanyaga mpaka majirani wajue umefurahi au umenuna.

Na kwa kukanyaga, mtaa mzima hakuna aliyemfikia mama yangu, Dona Quitéria, miaka sabini na mbili.

Ila magoti yalishaanza kumgomea. Daktari kamwambia sikukuu za São João za mwezi Juni zikiisha, basi, viatu avitundike.

"Jurandir mwanangu," akaniambia, "nikiondoka, angalau kishindo changu kibaki."

Nikamfuata Otacílio uani. Anakula kuskusi yetu ya mahindi na jibini, hana habari.

"Kaka, kwa nini miguu tu?"

"Ukiisikia albamu utaelewa."

Jibu gani hilo? Hata tapeli angejitahidi kidogo!

Marehemu baba aliwahi kumwimbia mgeni mwenye kinasa sauti. Baadaye wimbo tukausikia redioni, una jina la mtu mwingine. Nikajiapiza: safari hii hatuliwi.

Asubuhi ya kurekodi, mama akatafuta viatu vyake nyumba nzima. Chini ya kitanda, nyuma ya jiko, hadi kwenye banda la mbuzi. Wapi!

Vilikuwa darini, vimefunikwa gunia. Aliyeviweka ni mimi.

Na kwetu viatu vya coco haviazimwi. Kila mtu huchonga vyake kwa uzito wake. Ukivaa vya mwenzio, vinakuumbua jukwaani.

Otacílio alikuwa na siku hiyo moja tu. Akasubiri mpaka saa nane mchana, kisha akavuka barabara, akabisha hodi kwa Dona Dalvanira, mshindani wa mama tangu usichana wao.

Nikacheka kimoyomoyo. Kaliwa Dalvanira, siyo sisi!

Albamu ikatoka Septemba. Mama alishaacha kucheza. Tukakaa kuisikiliza.

Ndugu zangu, yule bwana alizitupa ngoma zake zote za mashine. Nyimbo kumi na moja, zote zimesimama juu ya miguu miwili. Na kwenye jalada, jina la Dalvanira ni kubwa kuliko la Otacílio mwenyewe.

Mama alisikiliza kafumba macho.

"Anakanyaga kama anaua mende," akasema.

Akafumbua macho.

"Lakini vitukuu wake watamsikia."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, viatu nilivificha mimi."

"Najua. Nani mwingine humu ndani anafika darini?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani kuna jambo umelijua kuhusu yule mtu, mimi silijui. Nilikuamini, mwanangu."

Bora angenizaba kibao.

Kushuku watu, shukuni tu. Matapeli wapo, na mimi wamenila sana. Ila kabla hujamfungia mgeni mlango, muulize kwanza aliye ndani kama alitaka kutoka.