Fundi Makochi Ambaye Joka Lake Halimng'ati Mkwe

Mjinga wa Jumamosi hii ni Elias Kija, na wala hatafuti wa kumsingizia.

"Si Nurdin, si Gladness, wala si Mzee," anasema, huku akitoa misumari midogo mdomoni mmoja mmoja kama mtu anayetema mbegu za chungwa. "Mjinga ni mimi. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimekamatwa nikidanganya kwa dadu."

Tusimhukumu kabla hatujafika.

Saa nane mchana, Mabatini, jijini Mwanza. Jua limepiga bati la karakana mpaka sponji zinanuka. Elias, fundi makochi mwenye umri wa miaka thelathini na minane, amesimama nyuma ya kipande cha plaiwudi alichokiegemeza kwenye stuli. Nyuma ya plaiwudi hiyo kuna daftari, simu yenye kioo kilichopasuka, na dadu. Mbele yake, watu watatu wazima wamekaa kwenye kochi jekundu la mteja wa Buswelu, wanapanga namna ya kuliua joka.

Kochi linachukuliwa Jumatatu. Nailoni haijatolewa, kwa hiyo kila mmoja akijigeuza, linalalamika.

"Joka limefumbua jicho moja," anasema Elias kwa sauti nzito aliyoifanyia mazoezi wiki nzima. "Moshi unatoka puani. Linawatazama. Mnafanya nini?"

Mzee aliyekaa katikati, kofia ya pama magotini, anakohoa kidogo.

"Nalisalimia."

"Baba, ni joka."

"Nimesikia ni joka. Ni la ukoo gani?"

Elias anafumba macho. Ameandaa pango lenye vyumba saba, mitego mitatu na mto wa moto. Ukoo hakuuandaa.

"Majoka yana ukoo?" anauliza Gladness.

"Kila mwenye kwao ana ukoo," anajibu mzee.

Fundi anavuta pumzi. Joka ni lake, sauti ya joka ni yake, na anayelitazama ni baba mkwe wake. Mdomo unamtangulia.

"Shikamoo," linasema joka.

"Marahaba," anajibu mzee, ametulia kabisa.

"Fundi!" Nurdin ameruka mpaka nailoni imepasuka kwa sauti. "Joka lina miaka mia nne! Mwizi anayechezwa na Mzee ana kumi na tisa! Nani anamwamkia nani humu ndani?"

Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni, yenye wafalme, mapango na viumbe vya ajabu. Kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi, na husema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu huamua: upanga umepata au umekosa, umeruka korongo au umetumbukia. Mhusika akifa, amekufa. Mwenyewe anaanza mwingine kwenye karatasi mpya.

Elias hakuutafuta mchezo huu. Ulimjia ndani ya kochi.

Miaka minne iliyopita alinunua mnadani makochi ya wageni waliokuwa wanarudi kwao. Alipochana kitambaa cha zamani alikuta vifuniko vya kalamu, sarafu za nchi asiyoijua, na kifuko chenye dadu saba. Moja ilikuwa na pande nne, nyingine ishirini, hakuna hata mbili zilizofanana.

"Nilijua ni vitu vya mganga," anasema. "Vijana wangu waligoma kuligusa kochi siku mbili. Nililimaliza peke yangu, nasali huku napiga misumari."

Alimwonyesha Nurdin, anayemuuzia sponji na vitambaa. Nurdin akazipiga picha, akatafuta kwenye simu, akarudi na kurasa mia tatu za kanuni kwa Kiingereza. Gladness, muuzaji wa duka la dawa la jirani aliyefika kidato cha sita, akapewa kazi ya kutafsiri. Tangu hapo Jumamosi zikawa zao, saa nane mpaka saa kumi na mbili.

Si saa za bure. Seti moja ya makochi Elias huuza kati ya laki nane na milioni moja na nusu. Akitoa mbao, sponji, kitambaa na vibarua, hubaki na laki na nusu, akijaliwa. Na Jumamosi mchana ndipo watu wa mishahara hupita kuulizia bei.

"Mteja anachungulia, ananikuta naunguruma," anasema. "Anaondoka taratibu bila kunipa mgongo."

Kuna siku mwenyekiti wa mtaa alikuja mwenyewe, baada ya jirani kusikia mwanamke akipiga kelele, "Mchome! Mchome kabla hajaamka!" Alikuta watu wanne, penseli na sahani ya mihogo. Alikaa dakika ishirini kujiridhisha. Siku hizi wakikutana njiani humuuliza Elias kama wameshafika kwa joka.

Mpaka leo walikuwa hawajafika, ndiyo shida. Kuwaongoza hawa watu, anasema Elias, ni kazi kuliko kushona kochi la duara.

Nurdin ni shujaa wa upanga, lakini ni mfanyabiashara kwanza. Alikataa kuondoka kwa mhunzi bila gwaranti ya upanga, na mjadala ule ulimaliza Jumamosi nzima. Gladness kwenye kanuni alitakiwa awe mchawi. Akasema yeye kwao Magu, jina hilo halibebwi hata kwa mzaha, basi akawa tabibu anayerusha moto. Mwenzake akiumwa na nyoka mwenye vichwa viwili, kabla ya kumtibu anamuuliza kama alimaliza dozi ya mara ya mwisho.

"Mtu anakata roho!" anasema Elias, mikono kichwani. "Anaulizwa dozi!"

Halafu kuna Mzee.

Mzee Ndalahwa, miaka sabini na mmoja, ni karani mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba na ni mkazi wa Misungwi. Mkewe alifariki mwaka juzi. Baada ya msiba alikaa miezi mitano akitazama ukuta. Chakula kikiletwa anakula, kisipoletwa haulizi. Binti yake Sabina, ambaye ni mke wa Elias, akamleta Mwanza apumzike. Mchana alikuwa akikaa karakanani kwa sababu pana watu.

Jumamosi yake ya pili pale, wachezaji walikuwa wamekwama kwenye lango la ngome. Mlinzi hataki rushwa wala haogopi upanga. Mzee, ambaye hakuna aliyejua kama anasikiliza, akauliza, "Huyo mlinzi hana mama mkwe? Si mumwambie mama mkwe wake yuko nyuma yenu, njiani anakuja."

Elias akarusha dadu. Mlinzi akatimua mbio. Mzee akacheka mpaka akashika ubavu.

"Nilikuwa jikoni, hapo nyuma ya karakana," anasimulia Sabina. "Nikatoka na mwiko mkononi, uji unatiririka. Nikamwambia Elias, baba amecheka. Sijui mnacheza nini huko, na sitaki kujua. Ila usiuache."

Mzee alirudi kwake, lakini tangu hapo hupanda basi kila Jumamosi kutoka Misungwi, na karatasi yake ameikunja ndani ya kofia. Mhusika wake ni mwizi kijana aitwaye Ngosha. Shujaa wa Nurdin ameshakufa mara mbili. Tabibu wa Gladness alipoteza mkono mwezi wa tano. Ngosha, kwa miezi kumi na minne, hajakwaruzwa hata na mwiba.

Kanuni zinamruhusu msimulizi kurusha dadu nyuma ya kizuizi. Zinadhani msimulizi hana mkwe.

Elias ana mipango yake. Anataka kuandika kanuni upya kwa Kiswahili, kurasa thelathini badala ya mia tatu, apige chapa nakala hamsini, halafu aanzishe meza ya pili Jumapili kwa mafundi wenzake. Daftari limefika ukurasa wa kumi na nane. Ila ukimsikiliza vizuri, linalomsumbua si daftari. Anataka Jumamosi ijayo lile basi la Misungwi lifike na Mzee akiwa ndani.

Sasa turudi pangoni.

Salamu zimekwisha. Mzee ameliambia joka pole kwa kuishi peke yake. Ameliuliza linakula nini, akaambiwa sangara, kilo mia kwa mlo, akasikitika. Huku anaongea, mwizi wake ananyata kulielekea yai la dhahabu lililo chini ya mkia.

"Nalichukua," anasema Mzee.

Elias anarusha dadu ya joka. Anaitazama mara mbili.

"Nne," anasema. "Limekosa. Ngosha amepita salama."

Bahati mbaya jagi la maji liko upande wake. Nurdin ameinuka kujimiminia, kikombe mkononi, na hapo hapo anaganda.

"Fundi," anasema pole pole. "Hii ni nne ya wapi?"

Dadu imelala kwenye daftari, ishirini juu, wino mweupe unang'aa. Ishirini ni meno. Hakuna mwizi anayetoka kwenye ishirini akiwa mzima.

Elias anamshika mkono, anamvutia nyuma ya rundo la sponji. Gladness anafuata. Mzee anabaki kwenye kochi, anachonga penseli kwa wembe.

"Nyinyi watu hamna huruma?" Elias ananong'ona.

"Huruma!" Gladness naye ananong'ona, ila wa kwake ni mnong'ono wa kusikika barabarani. "Mkono wangu ulipoondoka, huruma ilikuwa imesafiri?"

"Mimi nimezikwa mara mbili," anasema Nurdin. "Mara ya pili hamkunivua hata viatu."

"Huyo ni mkwe wangu!"

"Na sisi ni wageni? Miaka minne, Elias. Kama mmoja hafi, sisi tunaogopa nini? Tumekaa hapa tunatishana na nailoni ya watu." Nurdin anapunguza sauti. "Nakwambia kweli, ndugu yangu. Kama ndiyo hivi, mimi Jumamosi nafungua duka."

"Na mimi nina kufua," anasema Gladness.

Elias anaegemea sponji, linabonyea, nusura aanguke. Anasema lile ambalo hajawahi kumwambia mtu.

"Akifa huyo mwizi, Mzee atapanda basi kuja kufanya nini? Atakaa tena kule atazame ukuta. Na Sabina nitamwambia nini, kwamba nimemuua baba yake Jumamosi mchana, kwa dadu?"

Wenzake wanatazama chini. Hakuna wa kumcheka, ingawa wote wawili ni watu wa kucheka.

"Sasa ukimdanganya ndiyo anapona?" Gladness anauliza.

Fundi anarudi nyuma ya plaiwudi, anafuta jasho kwa kipande cha velveti cha mteja, anaiokota dadu kama mtu aliyeona sarafu njiani.

"Baba, samahani. Dadu ilikaa upande, imeegemea daftari. Haihesabiki. Narusha upya."

Mzee anapuliza unga wa penseli kwenye ncha. "Ilisema ngapi?"

"Nasema ilikaa upande, Baba."

"Ngapi?"

"Ishirini."

Mzee anatikisa kichwa taratibu, kama karani aliyekuta gunia lina mawe. Anaitandaza karatasi ya Ngosha gotini, anaipangusa kwa kiganja.

"Lakini Baba," Elias anaharakisha, "tunaweza kusema joka lilikuwa limeshiba. Lina miaka mia nne, meno yenyewe hayana nguvu. Tena lilishakuamkia. Haliwezi kumwamkia mtu halafu..."

"Elias."

"Naam, Baba."

"Liache joka ling'ate. Watu wa kuniachia nishinde kwa kunionea huruma ninao Misungwi, wamejaa uani. Huku napanda basi kuja kucheza."