Vijiti vya Mguu wa Baba

Kwetu Nyamache, mwanamume hamwonyeshi mapaja yake mwanawe aliyekwisha kutahiriwa. Heshima hiyo tunaiita ensoni, na haina likizo. Tangu nitoke jandoni sijaona magoti ya baba yangu, na nilikuwa naishi vizuri tu bila kuyaona, mpaka alipoteleza kutoka juu ya lori la ndizi akaumia goti la kulia.

Hospitalini aliambiwa afanye mazoezi ya kulikunja kila siku, na asipakie ndizi tena mpaka goti hilo likunje sawa na lenzake. Akavumilia wiki tano. Ya sita akatangaza amepona. Alitangaza huku akichechemea.

"Jumatatu lori likipita, naenda nalo."

"Nenda," mama akasema. "Goti likiachia safari hii, utarudishwa umelala juu ya ndizi."

Mimi nikaona nafasi ya kujipatia sifa. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amefundisha klabu ya sayansi kutumia programu moja ya bure. Unaweka simu kando ya njia, mtu anapita, nayo inatafuta bega, kiuno, goti na kifundo, inaviunganisha kwa mistari. Unabaki na mtu wa vijiti anayetembea, na digrii ambazo kila goti limekunja. Kuna maabara zinazofanya kazi hiyo kwa kamera za bei ya shamba zima. Sisi tulikuwa na simu yangu yenye kioo kilichopasuka na kreti ya soda ya kuisimamisha. Tayari tulikuwa tumempima naibu wa mwalimu mkuu bila yeye kujua. Anatembea kama bata, na sasa ni sayansi.

"Lakini baba, itabidi uvae kaptura. Suruali zako pana zinaficha goti."

Mama akakumbuka ghafla kuwa ana ng'ombe wa kukamua. Baba akanitazama kana kwamba nimemwomba aoge sokoni.

Aliyetuokoa ni kinyozi wa hapo sokoni, mtu wa rika la baba. Walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo ana ruhusa ya kumwona kwa nguo yoyote na kumcheka bure. Nikasimamisha simu uani, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Ah! Hiyo ni miguu ama ni miwa?" nikamsikia.

"Bonyeza, wacha kelele."

"Nimebonyeza. Tembea, bwana harusi!"

Baba aliporudi ndani ya suruali, nikafungua simu. Nilichagua vijiti pekee, bila picha. Vijiti havivai kaptura, na ensoni haijasema lolote kuvihusu. Majibu: goti la kushoto digrii sitini, la kulia sitini.

Baba akampigia dereva papo hapo. "Jumatatu nipitie!"

Mama hakupiga makofi. "Simu yako ina macho, mimi nina masikio," akaniambia. "Huo mguu unaburuza."

Jumapili baada ya kanisa nikavitazama tena vile vijiti. Mtu wangu wa vijiti alikuwa anarusha mikono, anapiga paja, anageuka kando kila hatua. Baba akitembea, mikono yake hutulia kama ya askari wa gwaride. Nikakimbia kwa kinyozi.

"Mzee, baba alipokuwa anatembea, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsindikiza."

"Hatua kumi, mzee!"

"Sasa kijana, mtu mzima atoke hapa aende pale peke yake kama amefukuzwa? Nikampa upande wa ndani, mimi nikashika wa simu, tukapiga stori."

Programu ya bure hushika mtu mmoja tu, yule aliye karibu na kamera. Siku mbili nzima tulikuwa tunasherehekea magoti ya kinyozi.

Jioni hiyo tukarudia. Kinyozi aliapa hatainuka kitini, na mimi nikarudi kwa ukuta wangu. Safari hii vijiti vilikuja mikono ikiwa imetulia. Goti la kushoto sitini. La kulia thelathini na tano.

Baba akakaa kando yangu, tukatazama pamoja. Mguu mmoja ulikuwa unatembea, wa pili unavutwa, na kiuno kinapanda juu kuusaidia.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Hebu arudie."

Alirudia mara nne. Nilikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Niliimeza yote.

Jumatatu lori likapiga honi. Baba akatoka mpaka barabarani, akaongea na dereva, lori likaondoka bila yeye. Akarudi akichechemea waziwazi, akapita na mkeka kuelekea nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu vya shule.

"Wewe!" akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Hospitali walisema nikunje mara ngapi?"

"Mara kumi, baba. Halafu unapumzika."

"Basi hesabu. Na usichungulie."

Nikaanza kuhesabu. Kwenye nne akaguna. Kwenye saba akasema nahesabu polepole makusudi, na kwa kweli alikuwa sahihi.