Jike wa Kisanduku cha Saba

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo mno: kisanduku kilifunguliwa, mjusi hakukimbia.

Saa moja asubuhi mfagiaji wa maabara ya wanyama anainama mbele ya visanduku vya kioo. Ana miaka ishirini na minne, aliishia darasa la tano, na wenzake wanamwita Dada Ndoo. Kabla hajafagia, anawadondoshea mijusi maji tone tone juu ya magome.

"Wanalamba umande," anasema. "Sahani ni zetu sisi."

Mkubwa wao hazidi urefu wa kidole. Magamba yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na miguu ni mifupi kiasi kwamba wakiingia mchangani utadhani wanaogelea. Wanatoka kwenye kilima kimoja tu cha mawe, na mawe hayo yanavunjwa kokoto kila siku. Mtafiti anayewatunza, ambaye wote wanamwita Daktari, alisubiri miaka miwili watage. Halikuonekana hata yai moja.

Jike wa kisanduku cha saba alipovimba, Daktari aliamua kuwa yai limekwama. Angepasuliwa Alhamisi, na kwa mwili ule mdogo, kupona ilikuwa bahati.

Jumatano hiyo Dada Ndoo alifungua kisanduku, jike akabaki palepale, tumbo limebanwa kwenye kioo chenye joto la taa. Ngozi ya tumbo ni nyembamba, rangi ya maziwa. Ndani yake kitu kikajinyoosha, kikatulia. Upande wa pili kikajinyoosha kingine.

"Nilijua lazima niseme," anasema. "Mimi na kuongea mbele ya wakubwa, wapi na wapi!"

Aliongea hivyohivyo, macho sakafuni. "Daktari, samahani. Huyu ana watoto. Wako hai."

Msaidizi wa maabara akaangua kicheko. "Haya, mkunga wa mijusi kafika! Tukuchemshie maji?"

"Hebu nyamaza wewe," Daktari akamwambia, akachukua tochi. Aliangalia muda mrefu. "Mdogo wangu," akasema taratibu, "kesho hatumpasui mtu."

Jumapili asubuhi alitoka wa kwanza, ndani ya utando mwembamba kama nailoni. Akautoboa kwa pua, akatembea. Hakufundishwa na yeyote. Alikuwa mfupi kuliko njiti ya kiberiti, mkia wa buluu. Mama yake akageuka, akaula ule utando. Wakafuata wawili. Msaidizi alivua kofia, akabaki ameishika tu.

"Kitu cha gramu chache," anasema Dada Ndoo, "na kimebeba watu watatu kimya kimya."

Siku hizi anawapima watoto hao kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mwakani anataka kuanza masomo ya jioni ya watu wazima, aache kuulizia herufi.

Kisha anaomba liandikwe jambo jingine katika habari hii. Mwaka jana kulikuwa na jike wa kisanduku cha pili, naye alivimba. Alikutwa amekufa, akatiwa kwenye chupa ya spiriti bila kupasuliwa. Yuko rafu ya juu mpaka leo.

"Tumbo lake lilicheza vilevile. Nililiona siku tatu kabla." Daktari yuko mezani, ameacha kuandika. "Nililiona, Daktari. Nikanyamaza."