Mchwa Chini ya Magunia Yangu

Siku Mama alipogonga sanduku la Papa na likalia kama ngoma, nilijua magunia yangu yameingia mashakani.

Sanduku lile ni la mbao. Papa, baba yangu, aliyekuwa mtu wa reli hapa Kalemie, alilichonga mwenyewe, na tangu afariki ndimo Mama anamotunza kofia yake ya kazi na kitenge cha ndoa yao. Linakaa katika chumba cha nyuma, chenye sakafu ya udongo. Kando yake mimi nilikuwa nimepanga magunia sita ya pelete. Pelete ni unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa vipande vidogo vinavyong'aa, kama chakula cha kuku. Ukiziwasha katika jiko lake, moshi ni kidogo tu. Mjomba aliniletea kwa boti kutoka Kigoma, na mimi kichwani nilishafungua depo yangu ya kuziuza, kibao mlangoni, wamama wa mandazi wamejaa mpaka barabarani.

Mama akainua sanduku. Mguu mmoja ulibaki chini. Ulikuwa umegeuka udongo.

"Njo ile chakula yako ilileta muchwa," akasema. "Miaka yote sanduku ilikaa hapa, hakuna mududu aliigusa. Wewe unaleta mbao ya kusagwa, unasaidia muchwa hata kutafuna!"

"Mama, hii ilikaushwa na mashine."

"Na mashine iliambia muchwa wasikule? Siku ya Mungu ya juma hii isifike magunia iko humu. Ama mutoke pamoja."

Jirani yetu, mama mwenye kuku wengi, alisikia yote kutoka uani kwake. "Mutoto, hata depo haiyafunguka, wateja umekwisha kupata!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kicheko kile sikukipenda. Maji yake ya kufulia huyamwaga nyuma ya ukuta wetu, na mchwa, kila mtu anajua, hupenda unyevu. Nikamnong'oneza Mama habari ya yale maji. Mama akatazama ua wa jirani kwa jicho baya, na tangu saa ile hakumwitikia salamu. Nilimshuku mjomba pia, labda aliniletea mzigo wenye mayai ya wadudu. Nikazishuku hata pelete zenyewe. Nilikuwa nikizinusa na kupenda ile harufu tamu ya mbao. Sasa nikajiuliza: kama inanivuta mimi, je, wao?

Nikafungua magunia moja moja. Manne ya juu yalikuwa salama; pelete zake zilikatika kwa mlio, kama biskuti. Mawili ya chini, yaliyogusa sakafu, yalikuwa yamevimba na kurudi kuwa unga wa mbao, laini, wenye unyevu, na ndani yake mchwa weupe wakikimbia kama watu waliovunjiwa nyumba. Niliwahurumia kidogo, kusema kweli. Kisha nikapapasa ukuta wa upande wa jirani. Ulikuwa mkavu kabisa.

Kesho yake asubuhi nikachukua kopo langu lenye matundu ninyunyize maji kabla ya kufagia, kama tunavyofanya kila siku vumbi lisipande. Mkono ukasimama hewani. Tangu magunia yaje, chumba kile nilikinyunyizia mara mbili, asubuhi na jioni, ili mali yangu isichafuke.

Ningeweza kunyamaza. Jirani alikwisha kuhukumiwa.

"Mama," nikasema, "si maji ya jirani. Njo maji yangu mimi."

Alinitazama, akatazama kopo. "Kumbe!" akasema. "Chakula uliwapa, na ya kunywa ukawapa." Kisha akatoka, nikasikia anamwita jirani, sauti ya chini, ya mtu anayeomba radhi bila kusema sababu.

Magunia mawili mabovu tulimpa jirani, kuku wake wakala mchwa mpaka wakalemewa. Manne Mama akakubali yabaki, juu ya matofali na bati, mbali na ukuta. Sanduku pia lina matofali yake sasa. Chumba kile tunafagia kikavu, tunapiga chafya.

Lakini Mama hajaniamini. Kila asubuhi anaingia, anagonga sanduku kwa kidole, linajibu vizuri. Halafu anagonga magunia yangu. Hayajibu kitu. Anainamisha sikio, anagonga tena.