Mama Mikia na Vifuniko Kumi na Vinne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Lami ya uwanja wa ndege bado ina unyevu. Mwanamke mfupi aliyevaa fulana ya kung'aa ya rangi ya chungwa amepanda ngazi ya magurudumu hadi usawa wa pua ya ndege. Anashika utepe mwekundu unaoning'inia, anauvuta taratibu, na kifuniko kidogo cha turubai kinachomoka.

"Namba tatu," anasema kwa sauti, ingawa hakuna anayemsikia isipokuwa mwandishi wa habari hii.

Anashuka, anatembea hadi ndani ya banda la ndege, anakitundika kifuniko kwenye ubao, kwenye ndoano yenye namba tatu. Kisha anarudi kufuata namba nne. Angeweza kuvitoa vyote kwa mkupuo na kuvibeba kwenye kapu, lakini hataki. Ni safari kumi na nne za kwenda na kumi na nne za kurudi, kwa miguu ya mtu wa miaka hamsini na mitatu.

"Ukivitia kwenye kapu unaanza kupiga soga na watu, mara kimoja umekiacha kule juu," anasema. "Nikibeba kimoja kimoja sina cha kusahau."

Hapa kazini wanamwita Mama Mikia, kwa sababu ya tepe hizo nyekundu zinazopepea kwenye ndege iliyoegeshwa. Kila utepe una kifuniko, na kila kifuniko kinaziba tundu ambalo halitakiwi kuingiwa na vumbi, maji wala mdudu. Ndege ikitaka kuruka, sharti vifuniko vyote kumi na vinne viwe vimetundikwa ubaoni. Ndoano moja ikiwa tupu, hakuna anayewasha injini.

Leo ndege hii inajaribiwa mbele ya wakaguzi wa serikali. Isiporuka, kibali cha shirika kinafutwa keshokutwa, mwisho wa mwezi, na watu sabini na mmoja waliobaki watafungasha virago. Ni jaribio la pili. La kwanza lilivunjika siku tisa zilizopita, na aliyelivunja ni yeye.

Mwaka huu haukuanza vibaya. Mwezi wa kwanza shirika lilikuwa na ndege sita na wafanyakazi zaidi ya mia sita. Bei ya mafuta ikapanda, safari mbili zikafutwa, abiria wakahamia kwingine. Mwezi wa tatu wenye ndege za kukodi walikuja kuzichukua nne, mchana kweupe, wafanyakazi wakiwa wamesimama dirishani. Mwezi wa nne safari zote zikasimama.

Mama Mikia wakati huo alikuwa mfagiaji. Kwa miaka ishirini na mmoja aliingia ndani ya ndege mara tu abiria wa mwisho aliposhuka, akiwa na dakika kumi na nane za kufagia, kufuta meza na kuchungulia chini ya kila kiti. Anajua watu kwa mabaki yao.

"Safari za asubuhi ni magazeti na makombo ya biskuti," anasema. "Za jioni ni karanga. Watoto wanaacha soksi, sijui kwa nini. Mguu mmoja tu, kila mara."

Ndege ziliposimama, wafagiaji ishirini na saba walipewa barua za kupunguzwa kazi. Yeye alikuwa wa ishirini na nane. Fundi mkuu, mwanamume mrefu ambaye hana simile akiwa kazini, alitaka mtu mmoja wa kulea ndege mbili zilizobaki, akamchagua yeye. Sababu aliyoitoa ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa jambo mara mbili.

Kulea ndege ni neno lao, na linafaa. Ndege ikisimama haipumziki, inaharibika. Magurudumu yasipozungushwa kila wiki, tairi hukaa upande mmoja na kuwa bapa. Maji hujikusanya matumboni mwake. Ndege wa kweli, wale wenye manyoya, hujenga viota ndani ya injini. Na wapo nyigu wa udongo.

Kwenye pua ya ndege kuna vibomba vyembamba, kimoja kinatosha kuingia kidole cha mtoto. Upepo unaoingia humo ndio unaomwambia rubani anakwenda kwa kasi gani. Nyigu wa udongo anavipenda sana. Akikuta kibomba kiko wazi, anaweza kukiziba kwa muda wa mtu kula chakula cha mchana, na rubani atakuja kujua hilo akiwa ameshaondoka ardhini. Ndiyo maana kanuni inasema kibomba kisikae wazi zaidi ya dakika ishirini bila kuandikwa kwenye daftari.

Mkesha wa jaribio la kwanza waliiosha ndege. Kifuniko namba tatu, cha kibomba kimojawapo, kililowa chapachapa. Mama Mikia alikitoa, akakianika kwenye mkono wa ngazi, akaitwa kwenda kusaidia kusukuma tangi la maji. Aliporudi kifuniko kilikuwa kimekauka. Akakirudisha mahali pake. Zilikuwa zimepita saa mbili, na hakuandika.

"Si kwamba nilificha," anasema. "Nilijiambia nitaandika nikimaliza hili. Nikamaliza hili, kukawa na lile. Mimi, ambaye nawagombeza wenzangu wakiacha ngazi bila kufunga breki!"

Asubuhi yake vifuniko vyote vilikuwa ubaoni, kumi na vinne, vimepangika. Wakaguzi watatu walishafika. Meneja alikuwa amevaa tai ambayo haijaonekana tangu mwezi wa pili. Watu walikuwa wanapiga picha. Rubani, wanayemwita Kapteni, alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Mama Mikia alimwona nyigu mmoja. Hakuwa karibu na ndege, alikuwa ukutani mwa banda, anashughulika na tonge lake la udongo.

"Nilisema moyoni, nyamaza, mama, sabini na mmoja hawa," anakumbuka. "Halafu nikamwangalia Kapteni. Ana mguu mmoja chini na mmoja juu. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi."

Akamweleza fundi mkuu kwamba kibomba kilikaa wazi saa mbili bila kuandikwa. Meneja ndiye aliyejibu. "Leo, mama? Umeona leo ndiyo siku ya kukumbuka?"

Kibomba hakichunguliki kwa macho. Kinapimwa kwa mashine, na mashine ya shirika ilishauzwa mwezi wa sita. Ikabidi waazime kwa jirani, ikafika saa tisa alasiri. Wakaguzi walikuwa na safari yao saa kumi. Wakaondoka, wakasema watarudi baada ya siku tisa.

Mashine ikatoa jibu jioni ile. Kibomba kilikuwa safi. Hakuna udongo, hakuna nyigu, hakuna hata chembe ya vumbi.

Mtu angependa kuandika kwamba waliliona donge la udongo, na mama akabebwa juu juu. Haikuwa hivyo. Alipewa barua ya onyo kwa kutoandika daftari, na aliistahili, anasema mwenyewe. Wengine wakambadilisha jina, akawa Mama Nyigu. Akipita mahali pa kunywea chai, kuna mtu anavuma kwa pua, zzzz, na meza nzima inaangalia vikombe.

"Siku ya kwanza nilicheka nao," anasema. "Siku ya pili nikajikaza. Siku ya tatu nilikunywa chai yangu huku bandani, na ndege. Hii haivumi."

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi. Mumewe alikuwa mpakia mizigo wa shirika hilo hilo kwa miaka kumi na sita, akapunguzwa mwezi wa tatu. Waliahidiwa kwamba ndege hata moja ikiruka, wapakiaji kumi wa kwanza wataitwa, naye ni wa nne kwenye orodha. Sare yake ya kazi imetundikwa ndani ya kabati, imefunikwa mfuko wa nailoni. Tangu mwezi wa tatu ndiye anayepika, na mkewe anakiri kwamba mume anampita kwa upishi.

Aliposikia kilichotokea, hakugomba. Alinyamaza siku mbili. Chakula kikawa kinakuja mezani bila maneno.

"Afadhali angefoka," anasema Mama Mikia. "Mtu akifoka unajua amefika wapi."

Siku ya tatu asubuhi alimkuta mumewe ananyoosha fulana yake ya chungwa kwa pasi, kitu ambacho hakijawahi kutokea nyumba ile, kwa sababu fulana hizo hazipigwi pasi. Alikuwa ameshaiunguza kidogo begani. Alama ipo hadi leo.

"Mimi ningenyamaza," mume alimwambia, bado ameinamia meza. "Nimejiuliza siku mbili nzima, na kila nikijiuliza, mimi ningenyamaza, mke wangu. Halafu ningekaa pale nje naitazama inapaa, sijui kama Kapteni atarudi."

"Ningekuwa nimekaa na wewe," mkewe akamjibu.

"Haya, vaa hii. Samahani kwa hapa begani."

Sasa ni saa mbili kasoro. Safari ya kumi na nne imekwisha, ubao umejaa. Mama Mikia anasimama mbele yake na kugusa kila kifuniko kwa kidole, akitaja namba, kisha anatia sahihi kwenye daftari. Ukurasa wa jana umejaa mwandiko wake. Kila kifuniko kilichoguswa kimeandikwa, hata kile alichokigeuza tu kuangalia uzi.

Wakaguzi ni wale wale watatu. Meneja leo hana tai. Watu wa chai wamesimama kando, mikono mifukoni, na hakuna anayevuma.

Kapteni anatoka ofisini na makaratasi yake. Ni mtu mwenye mvi, anayeongea kidogo. Fundi mkuu anamwonyesha daftari. Analisoma, anatia sahihi, na kwa kanuni hapo kazi imekwisha, anatakiwa apande. Hapandi. Anavuka banda lote hadi ubaoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Kapteni."

"Leo una lolote la kuniambia?"

Watu wote wanageuka. Mama Mikia anaangalia ubao mara moja zaidi, haharakishi.

"Sina, baba. Leo vyote viko mahali pake."

"Basi mimi nakwenda," Kapteni anasema, na anakwenda.

Mmoja wa wavumaji, fundi wa umeme mwenye tumbo, anasikika akimwambia mwenzake chini chini, "Hata mimi ningemuuliza." Mama Mikia anamsikia.

Ndege inaondoka saa mbili na dakika kumi na moja. Inapoinua pua, hakuna anayepiga makofi. Wanahesabu. Dakika arobaini na mbili baadaye inarudi, inagusa lami, inapunguza mwendo, na hapo ndipo banda linapolipuka kwa kelele. Mkaguzi mkuu anashuka na karatasi iliyotiwa sahihi. Meneja anamkumbatia kila mtu aliye karibu, hata mwandishi. Fundi mkuu amejifungia stoo, na wanaomfahamu wanasema analia.

Mama Mikia haonekani. Yuko ndani ya ndege, na brashi na kizoleo chake.

Kwa miezi minane hii amekuwa akiingia humo kila Ijumaa kufuta vumbi. Viti vyote vilikuwa vimenyooka, mifuko ya viti mitupu, zulia halina doa. Wageni walikuwa wakisifu usafi huo, naye alikuwa akiudhika.

"Ndege safi namna hii haina watu," aliwahi kumwambia mwandishi. "Mimi mfagiaji, natamani uchafu. Ningekuta hata soksi moja ya mtoto ningeibusu."

Sasa amesimama safu ya saba, mahali alipokaa mkaguzi mmoja wakati wa jaribio. Mkaguzi huyo alikula biskuti. Makombo yako kwenye kiti, mengine yamedondoka chini, na moja limekanyagwa likawa unga kwenye zulia.

Mama Mikia anayatazama kwa muda mrefu. Machozi yanamtoka waziwazi, wala hayafuti. Anatoa simu mfukoni, anampigia mumewe.

"Baba, nimekuta makombo."

Mume anajua maana yake, ameishi na mfagiaji miaka ishirini na mmoja.

"Mengi?" anauliza.

"Ya biskuti moja."

"Basi usiyafagie, mke wangu. Yaache kidogo."

"Nisipoyafagia mimi atayafagia nani?" anasema, na sasa anacheka na kulia kwa pamoja. "Wewe itoe ile sare kabatini, upige pasi. Ila polepole, usije ukaiunguza."

Juma lijalo ndege hii itaondoka na abiria arobaini na wanane, wa kwanza tangu mwezi wa nne. Ya pili bado imeegeshwa nje, na mikia yake kumi na minne inapepea. Nayo ikiruka, hakutakuwa na ndege ya kulea, na yeye atarudi kwenye zile dakika zake kumi na nane. Anaulizwa kama hilo halimsikitishi, baada ya yote aliyojifunza.

Anapiga magoti kwenye zulia la safu ya saba, kizoleo mkononi.

"Waje tu," anasema. "Waje wachafue."