Mkono wa kushoto ulipoanza kubana kwenye nguo: nilivyonusurika na wembe baada ya matibabu ya saratani ya titi

Wakuu, heshima zenu. Nimesoma nyuzi za humu miaka mingi bila kuandika neno, ila hili limenikaa kifuani na nikiendelea kulikalia kimya nitakuwa nimemnyima mtu. Ni mwili wangu na ni mambo yaliyonipata mimi, sina sababu ya kutia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadili.

Wanaume msiupite huu uzi. Mna wake, mna mama, mna dada.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kasulu mjini. Kwetu ni Makere. Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana, sisi tumezaliwa hapa na ni raia. Nimeolewa na Muha wa Kitahana, Kibondo, mwalimu wa sekondari. Humu nitamwita Baba Neema. Tuna watoto wawili.

Mwaka juzi niligundulika na saratani ya titi la kushoto. Hiyo stori ni ndefu na siyo ya leo. Kwa kifupi nilipelekwa Mwanza, nikatolewa titi pamoja na tezi za kwapani, nikachomwa chemo, nikamalizia na mionzi. Nywele ziliisha zikaota tena. Kanisani wakanifanyia ibada ya shukrani, na mama mkwe wangu alicheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Mama huyu alifunga na kuomba kipindi chote nilichokuwa wodini. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitamtaja, na sitaki mumwone mtu mbaya.

Sasa twende.

Siku naruhusiwa Mwanza, nesi mmoja alinipima mikono yote miwili kwa futi ya kitambaa: kiganjani, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko. Akaniandikia kwenye karatasi, akaniambia nijipime kila mwezi sehemu zile zile. Akasema tezi zikishatolewa, maji ya mwilini yanaweza kukosa njia ya kurudi na kuanza kutuama mkononi. Inaweza kutokea baada ya miezi, au hata baada ya miaka.

Mimi nikacheka. Nikamwambia nesi, kupima watu ndiyo kazi yangu.

Miezi mitatu ya kwanza nilijipima kweli. Vipimo nikawa naviandika kwenye daftari langu la wateja, jina langu juu, kama mteja mwingine tu. Mwezi wa nne kazi zikawa nyingi, kulikuwa na sare za kwaya. Nikaacha. Ile karatasi ya nesi sijui hata ilipotelea wapi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo na sitamsukumia mtu.

Msimu wa kuvuna maharage ukafika, tukaenda Kitahana kumsaidia mama mkwe. Nilikuwa najisikia mzima, na ukishapona kuna ile hamu ya kuwaonyesha watu kwamba umepona. Nikang'oa maharage, nikapura, nikabeba. Siku tatu.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Nikavaa gauni la kitenge nililolishona mwenyewe, nimelivaa mara nyingi. Mkono wa kulia ukaingia vizuri. Wa kushoto ukabana juu ya kiwiko.

Wakuu, fundi anajua nguo yake. Nilikaa pale kitandani nimeshika ule mshono, najiambia labda kitenge kimerudi baada ya kufuliwa. Lakini kitambaa hakiwezi kurudi mkono mmoja.

Nikabonyeza ngozi kwa kidole gumba. Kikaacha kashimo kadogo, kakachukua muda kujaa. Hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na uzito tu, kama nimeshika ndoo ya maji ambayo haipo.

Mnajua wazo la kwanza lilikuwa nini? Imerudi.

Mtu aliyewahi kuambiwa ana saratani anajua hilo neno linavyoingia. Nikavaa sweta juu ya gauni, nikaenda kanisani, nikaimba. Sikumwambia mtu.

Tuliporudi Kasulu niliendelea kuvaa sweta. Kwetu huku kuna baridi, hakuna anayekuuliza. Nikaenda kimya kimya kwenye zahanati moja, siitaji. Aliyenipokea aliutazama mkono kwa macho, akasema nimeulalia vibaya au nimechoka na shamba, akanipa dawa za maumivu. Hakuugusa. Na mimi sikumwambia kwamba nimetolewa tezi za kwapani. Nilitaka aseme ni uchovu, akasema, nikafurahi.

Wiki mbili nikaishi na furaha hiyo ya uongo. Asubuhi mkono unanywea kidogo, jioni unajaa. Pete ya ndoa ikaanza kugoma kutoka. Nikaitoa kwa sabuni, nikamwambia Baba Neema naogopa itaangukia kwenye cherehani.

Kisha tukaenda tena Kitahana, kulikuwa na kikao cha harusi ya shemeji. Nikiwa naosha vyombo nikapandisha mikono ya sweta nikajisahau. Mama mkwe akauona.

Alinivuta ndani, akaushika mkono, akaugeuza huku na huku, akaanza kulia. Akaniambia mwana wanje, yaani mwanangu, huu mkono umetupiwa kitu. Mama yake mzazi alikufa na mguu uliovimba hivyo hivyo, watu wakikaa wanangoja hospitali. Akasema safari hii hatangoja.

Jioni hiyo hiyo Baba Neema akajua, na akajua pia nilivyomficha. Hakugomba. Wakuu, afadhali angegomba. Mama yake akamweleza kuna mzee hapo jirani, fundi wa kuchanja na kupiga chuku, ile pembe ya kunyonya damu. Atautoboa mkono kwa wembe, maji machafu yatoke, kesho asubuhi. Baba Neema akaniangalia, akasema labda tujaribu, ni kuchanja kidogo tu.

Mnisome vizuri hapa. Mume wangu ni mwalimu, siyo mjinga. Alikuwa anaogopa, na mama yake alikuwa na jibu mkononi. Mimi sikuwa na jibu lolote, nilikuwa na siri tu.

Asubuhi mzee akaja. Mpole, msafi, anaongea taratibu. Akatandikiwa mkeka, akatoa pembe mbili na wembe mpya kwenye karatasi yake. Mama mkwe akaleta maji ya moto na majani. Nikakaa, nikavua sweta.

Mzee alipofungua ile karatasi ya wembe, akaniingia kichwani mwanamke niliyelazwa naye Mwanza. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Mkono wake ulikuwa mnene kama paja, ngozi ngumu, hauwezi hata kushika kikombe. Aliniambia mwenyewe: ulianza kuvimba kidogo, nyumbani wakauchanja, vidonda vikaingia wadudu, akapata homa ikabaki kidogo afe. Baada ya hapo ukawa unaugua kila mara, na kila ukiugua unaongezeka.

Nilimsikiliza nikamwonea huruma, lakini sikudhani ananiambia mimi.

Mzee akaushika mkono wangu. Nikauvuta.

Nikaomba mkoba wangu. Wakadhani natafuta leso. Nikatoa futi, maana fundi haendi popote bila futi, nikajipima pale pale mbele yao. Juu ya kiwiko, mkono wa kulia, ninaokatia vitambaa kutwa nzima: sentimita ishirini na tisa. Wa kushoto: thelathini na moja. Mkono wa kazi mara nyingi huwa mnene zaidi. Wangu ulikuwa umegeuza.

Nikarudia kupima. Thelathini na moja.

Nikamwambia mama mkwe sichanjwi, naenda hospitali.

Akasimama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, unanikatalia mimi? Mimi niliyekufungia na kukuombea?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, wewe siwezi kukukatalia. Ila huo wembe naukataa. Huu mkono hauna mlinzi tena, zile tezi za kwapani Mwanza walizitoa."

Akabeba yale maji ya moto akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Yule mzee, Mungu ambariki, alifunga pembe zake na kusema hachanji mtu ambaye hajaridhia.

Ndipo Baba Neema akainuka akachukua funguo za pikipiki. Alisema neno moja tu, "Twende." Mama hakutoka kutuaga. Tangu niolewe hajawahi kutuacha tuondoke bila kutuombea.

Kasulu tukaenda hospitalini. Daktari alipozisikia habari za Mwanza hakupoteza muda. Akapapasa kwapa, shingo na kovu, akasema kabla ya kusema ni maji lazima ahakikishe mambo mawili: hakuna uvimbe uliorudi, na hakuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Akaandika utrasaundi. Mtaalamu wa kipimo hayupo, turudi keshokutwa.

Hizo siku mbili siwezi kuzielezea vizuri. Nilikata gauni la mteja vibaya, nikakata jingine vibaya. Neema akaniuliza kwa nini simkaripii kwa vyombo alivyoviacha. Baba Neema alikuwa anaamka mapema anakaa nje. Asubuhi moja nikamfuata, akasema kitu kimoja ambacho sijakisahau: "Usinifiche tena. Nikijua naogopa, nisipojua naogopa zaidi."

Siku ya kipimo nilifumba macho. Yule mtaalamu alikipitisha kile kifaa kwapani taratibu, akarudia, akarudia. Nikawa nahesabu pumzi. Mwisho akasema hakuna uvimbe, hakuna damu iliyoganda.

Nililia mpaka akaniletea maji.

Daktari akanipeleka chumba cha fiziotherapia, kwa dada mmoja wa Tanga, kahamishiwa huku, anaitwa Bi Zuhura. Mchangamfu na hataki mchezo. Akaniuliza kama nina vipimo vya zamani. Nikakumbuka daftari la wateja. Baba Neema akalifuata dukani na pikipiki, akarudi nalo linanukia mafuta ya cherehani.

Bi Zuhura akafungua kurasa, akapita sketi za watu na suruali za watu, akanikuta. Mkono wa kushoto, ishirini na nane na nusu. Akapima wa sasa. Akaweka kalamu chini.

Akanieleza kwamba hii inaitwa limfedema, na yangu ndiyo inaanza. Ukibonyeza bado inaacha shimo, ukiinua mkono bado inapungua. Ikikaa muda mrefu bila matibabu ngozi inakuwa ngumu na haikusikii tena. Nikamuuliza kama itapona. Hakunidanganya. Akasema, "Kupona kabisa sikuahidi. Kuishika isikutawale, hilo tunaliweza, kwa sababu umekuja mapema."

Mapema, wakuu. Mimi nilijiona nimechelewa kwa wiki zote zile nilizojificha ndani ya sweta.

Tukaanza. Masaji laini sana, siyo ile ya kukandamiza, anaanza kifuani na shingoni kufungua njia halafu ndiyo anakuja mkononi. Kufunga bandeji kuanzia vidoleni. Mazoezi ya kuinua na kukunja. Mimi nilidhani nitaambiwa mkono usifanye kazi tena, kumbe mkono uliolazwa tu ndio unaozidi. Niushughulishe, nipumzike, uzito niongeze kidogo kidogo. Glovu nikishika jembe. Kidonda hata cha sindano ya cherehani nioshe palepale. Ukiwa mwekundu na wa moto na homa juu, hospitali siku hiyo hiyo. Kuna na soksi maalumu ya kuubana mkono usijae, hiyo ilibidi iagizwe, ilichukua zaidi ya mwezi kufika.

Leo ni miezi mitano. Kipimo cha Jumamosi iliyopita: ishirini na tisa na nusu. Haujarudi wote. Kuna siku za joto unanisumbua. Lakini nakata, nashona, nabeba mjukuu wa jirani.

Na mama mkwe?

Miezi miwili hakupokea simu yangu. Nilikuwa natuma salamu kupitia mwanaye. Siku moja akaja bila taarifa, na kuku na debe la maharage. Hakutaja habari za wembe, na mimi sikuzitaja. Akakaa akaniangalia ninavyojifunga bandeji kwa mkono mmoja na kushika ncha kwa meno.

Akasogea. Akasema, "Lete. Nionyeshe inaanzia wapi."

Nikamwonyesha. Alikaza sana mara ya kwanza, nikamwambia alegeze. Akafungua yote, akaanza upya kuanzia vidoleni.

Nilichojifunza ni hiki. Kupona saratani siyo mwisho wa kujitazama. Kama umetolewa tezi za kwapani au umepigwa mionzi, pima mikono yote miwili, uandike, usiache hata ukiwa mzima. Nguo kubana upande mmoja, pete kugoma, mkono kuwa mzito bila sababu, hizo ndizo dalili, na zinaanza bila maumivu. Ukienda hospitali sema yote uliyofanyiwa. Mimi si daktari, nendeni kwa wanaojua. Wembe na chuku, hapana.

Na usijifiche. Mimi woga ulinipotezea wiki nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

Walio mikoani, hasa huku kwetu magharibi, mnazipata wapi hizo soksi za mkono na zinadumu muda gani kabla ya kulegea? Na kama kuna aliyepitia haya, au mkewe, au mama yake, aandike hapa chini. Nitasoma kila jibu.

Ila kabla hujaandika, inuka kwanza ukamuulize huyo wa nyumbani kwako: mkono upi unabana?