Bilinganya Nilizosubiri Ziive

Nichekeni, lakini taratibu. Nilikuwa nauza chumvi na viberiti Magomeni, Kilosa, nikamchumbia Rehema wa Kidete. Mama yake akakataa. "Siku hizi ni kilimo, baba. Binti yangu haendi kwa mchuuzi. Niletee ulichopanda mwenyewe."

Nikapanda bilinganya nyuma ya nyumba. Zikazaa, zambarau, zinang'aa. Jirani akaniambia nichume, nikamcheka. Mimi mtu wa sokoni, najua hila za wakulima: wanachuma mbichi kwa haraka ya kuuza. Kwani nyanya ikiiva si hubadilika rangi? Nikasubiri, nikizihesabu asubuhi na jioni. Zilipogeuka njano kama dhahabu nikachuma kumi na mbili, nikahesabu tena, nikapanda treni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Bilinganya zilizoiva," nikasema kwa sauti ya kuwafikia hata majirani. "Si zile mbichi mnazouziwa."

Akapasua moja kwa kisu. Ndani mbegu ngumu tupu. Akapasua ya pili, nadhani kwa kunihurumia. Mbegu. Alivyocheka, kijiji chote cha ujamaa kilisikia.

"Baba, hizi hazipikiki! Hizi ni mbegu za kutosha kijiji kizima." Akajifuta machozi kwa kanga, akageukia ndani. "Rehema! Mletee mwenzio jembe. Bilinganya zake zimeiva, mkulima ndiye bado mbichi."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, lakini hilo "mwenzio" nililisikia. Nikalihesabu mara mbili.